Sauti ya Msomaji Hupotelea Wapi? Mahali pa Kidhibiti cha Sauti na Impidansi katika Mitambo ya Kanisa

Katika parokia na vigango vingi hali hii inafahamika. Msomaji anasimama mimbarini, anasoma kwa utulivu na kwa matamshi mazuri, spika zinavuma kwa nguvu, lakini waamini walioketi nyuma hawayapati maneno. Sauti inawafikia, neno haliwafikii. Mara nyingi Halmashauri ya Parokia huamua kwamba amplifaya ni ndogo. Mchango unaitishwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, amplifaya kubwa zaidi inanunuliwa, na Dominika inayofuata tatizo liko palepale, ila sasa lina kelele zaidi.

Jambo hili si dogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, unatufundisha kwamba Kristo yupo kweli katika neno lake linapotangazwa kanisani. Nayo Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma, katika namba 311, yanataka waamini wawezeshwe kuwasikia Padre, Shemasi na wasomaji bila shida, hata kwa msaada wa vyombo vya kisasa. Kwa hiyo mitambo ya sauti si pambo la kanisa. Ni chombo cha huduma, na anayeitunza anawahudumia wale wanaosikiliza.

Makala hii inaeleza sababu mbili zinazoiharibu sauti bila kuonekana kwa macho: kidhibiti cha sauti kuwekwa mahali pasipofaa, na vyombo viwili kuunganishwa bila kujali kinachoitwa impidansi. Sababu hizi mbili huenda pamoja, na mara nyingi kuzirekebisha kunagharimu kidogo sana kuliko kununua amplifaya mpya.

Safari ya sauti kutoka mimbarini hadi kwenye spika

Msomaji anaponena, kipaza sauti hugeuza mtetemo wa hewa kuwa ishara ndogo sana ya umeme. Kwa kipaza sauti cha kawaida kisichohitaji betri, ishara hiyo ni kama milivolti moja au mbili tu. Ishara hiyo huingia kwenye miksa, na hatua ya kwanza ndani ya miksa ni amplifaya ya awali, ambayo kazi yake ni kuikuza ishara hiyo mpaka ifikie kiwango cha kufanyiwa kazi. Katika vyombo vya kitaalamu kiwango hicho ni takriban volti 1.23. Kwa vyombo vya nyumbani, kama redio na vicheza muziki, ni takriban volti 0.3.

Kutoka kwenye miksa ishara husafiri kwa waya hadi kwenye amplifaya kubwa, ambayo huipa nguvu ya kuzisukuma spika. Kwa hiyo ishara hukuzwa mara mbili: mara ya kwanza ndani ya miksa, takriban mara elfu moja, na mara ya pili ndani ya amplifaya kubwa. Kati ya hatua hizo mbili kuna waya, na mahali fulani kuna kidhibiti cha sauti. Hapo katikati ndipo mambo mengi huharibika.

Impidansi ni nini?

Impidansi ni kiasi ambacho chombo cha umeme huuzuia mkondo unaobadilikabadilika, kama ulivyo mkondo unaobeba sauti. Hupimwa kwa omu, na omu elfu moja huitwa kilo-omu. Kila chombo kina impidansi mbili: ya tundu la kutolea ishara na ya tundu la kupokelea.

Tufikirie maji. Tangi lililo juu ya mnara linapeleka maji nyumbani kwa bomba. Bomba likiwa pana na koki ikifunguliwa kidogo, shinikizo la maji kwenye koki ni karibu sawa na lile la tangini. Lakini bomba likiwa jembamba na koki ikafunguliwa yote, shinikizo hupotea njiani na maji hutoka kwa unyonge. Impidansi ndogo ya kutolea ni kama bomba pana. Impidansi kubwa ya kupokelea ni kama koki iliyofunguliwa kidogo.

Kutokana na hilo twapata kanuni ya kwanza: anayetoa awe na impidansi ndogo, anayepokea awe na impidansi kubwa, angalau mara kumi ya ile ya anayetoa. Uwiano ukiwa huo wa moja kwa kumi, asilimia 9 tu ya volti hupotea, pungufu ya desibeli moja, na hakuna sikio litakaloona tofauti. Impidansi hizo zikiwa sawa, nusu ya volti hupotea, yaani desibeli 6. Ya anayepokea ikiwa ndogo kuliko ya anayetoa, sehemu kubwa ya ishara hupotelea njiani.

Vyombo vya leo vilivyotengenezwa vizuri hufuata kanuni hiyo. Vipaza sauti vingi vina impidansi ya omu 150 hadi 600, na tundu la miksa linalovipokea lina kilo-omu moja hadi tatu hivi. Tundu la kutolea la miksa huwa na omu 50 hadi 200, na tundu la kupokelea la amplifaya kubwa huwa na kilo-omu 10 au zaidi.

Baadhi ya mafundi bado hufundishwa kwamba impidansi za pande mbili lazima ziwe sawa. Fundisho hilo lina asili yake. Katika nyaya ndefu za simu, na katika vyombo vya zamani vya redio vilivyofuata desturi ya simu, pande zote mbili zilipangwa kuwa na omu 600. Katika miksa na amplifaya za leo tunachohitaji kupeleka ni volti na wala si nguvu, kwa hiyo kanuni ya kulinganisha haitumiki tena hapa.

Kidhibiti cha sauti hubadilisha impidansi

Kidhibiti cha sauti cha kawaida ni kifaa sahili: utepe wenye ukinzani, na juu yake kidole cha chuma kinachoteleza tunapozungusha kitufe. Ishara huingia upande mmoja wa utepe, upande wa pili umeunganishwa na ardhi ya mtambo, na kidole huchukua sehemu ya ishara kulingana na mahali kilipo. Mafundi hukiita potenshometa.

Watu wengi hudhani kwamba kifaa hiki hupunguza sauti tu. Kumbe hubadilisha pia impidansi ambayo chombo kinachofuata hukutana nayo. Kikichomekwa kwenye miksa yenye impidansi ndogo, impidansi ya kutolea ya kidole hufikia kilele wakati kidole kinatoa nusu ya volti, na kilele hicho ni robo ya ukinzani wote wa utepe. Potenshometa ya kilo-omu 10 hufikia kilo-omu 2.5. Ile ya kilo-omu 100 hufikia kilo-omu 25. Miksa iliyokuwa na bomba pana sasa imewekewa bomba jembamba mbele yake.

Tuseme potenshometa ya kilo-omu 100 imeunganishwa na amplifaya yenye impidansi ya kupokelea ya kilo-omu 10. Kidole kikiwa mahali panapotarajiwa kutoa nusu ya volti, amplifaya hupata takriban asilimia 14 tu badala ya asilimia 50. Mhudumu wa mitambo anazungusha kitufe na haoni mabadiliko ya maana, halafu kinapokaribia mwisho sauti inaruka ghafla na spika zinaanza kupiga mluzi. Analaumu amplifaya, ilhali kosa liko kwenye uwiano wa impidansi.

Waya mrefu unavyokula konsonanti

Madhara makubwa zaidi hutokea pale kidhibiti kinapofuatwa na waya mrefu. Parokia kadhaa zina kisanduku kidogo cha kupunguzia sauti sakristiani au karibu na altare, kisichotumia umeme wowote, na kutoka hapo waya unakwenda mbali hadi mahali ilipo amplifaya. Mpango huo unaonekana wa busara, kwa kuwa mhudumu anaweza kupunguza sauti bila kutembea. Lakini kila waya wenye ngao huhifadhi umeme kidogo kati ya uzi wa ndani na ngao yake, takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Waya wa mita 20 una pikofaradi 2,000 hivi. Hifadhi hiyo huzimeza sauti nyembamba kwanza, na huzimeza zaidi kadiri impidansi ya anayetoa inavyokuwa kubwa.

Tufanye hesabu. Kisanduku kina potenshometa ya kilo-omu 100, waya ni wa mita 20, na amplifaya ni ya aina yenye impidansi ya kupokelea ya kilo-omu 100. Kidhibiti kikiwa nusu, sauti huanza kudhoofika karibu na hezi 4,000, ambako tayari imepungua kwa desibeli 3. Katika hezi 8,000 imepungua kwa desibeli 7, yaani volti iliyobaki haifiki hata nusu.

Sauti nene za irabu ziko chini ya hapo, nazo hupita salama. Ndiyo maana kanisa linavuma na kila mtu anakiri kwamba sauti ipo. Lakini s, sh, f, th na t hupata sehemu kubwa ya utambulisho wake katika mitetemo hiyo ya juu. Zikififia, mwamini aliye nyuma hawezi kupambanua thamani na samani, wala fika na shika. Wazee, ambao kwa kawaida uwezo wao wa kusikia sauti nyembamba umepungua kwa umri, ndio wa kwanza kuachwa nje. Kuongeza amplifaya hakuwasaidii, kwa kuwa kilichopotea kwenye waya hakirudishwi na nguvu. Kinachoongezeka ni uvumi wa irabu unaozifunika konsonanti zilizobaki.

Sasa tuhamishe kisanduku hichohicho, bila kununua kitu, hadi kwenye mwisho wa pili wa waya, karibu kabisa na amplifaya. Waya mrefu sasa unasukumwa moja kwa moja na miksa yenye omu 100 hivi, na upotevu unasogea mbali juu ya uwezo wa sikio la mwanadamu, karibu hezi 800,000. Kati ya kidhibiti na amplifaya hubaki nusu mita ya waya, ambayo haina madhara. Hii ndiyo kanuni ya pili: kidhibiti kisichotumia umeme kikae karibu na amplifaya kinayoihudumia, na waya mrefu utangulie kabla yake.

Pale ambapo ni lazima kidhibiti kiwe mbali, kuna njia mbili nyingine. Ya kwanza ni kutumia potenshometa ya kilo-omu 10 badala ya 100. Katika mfano wetu upotevu ungesogea hadi zaidi ya hezi 30,000, nao hautasikika. Ya pili ni kutumia kidhibiti chenye umeme wake, kama vile miksa ndogo, ambacho baada ya kupunguza ishara huitoa tena kwa impidansi ndogo.

Tahadhari kuhusu mvumo

Nyaya bora za sauti zina nyuzi mbili ndani ya ngao moja, nazo huishia kwenye plagi ya pini tatu. Uzi mmoja hubeba ishara, wa pili huibeba ikiwa imegeuzwa, na amplifaya husoma tofauti kati ya hizo mbili. Mvumo wa umeme wa hezi 50 unaoingia njiani huzigusa nyuzi zote mbili sawasawa, kwa hiyo hufutika. Fundi akiweka potenshometa ya kawaida kwenye uzi mmoja tu, usawa huo unavunjika na mvumo unabaki. Kidhibiti kinachowekwa kwenye waya wa namna hii lazima kiwe na sehemu mbili zinazozunguka pamoja, moja kwa kila uzi, na sehemu hizo zilingane vizuri.

Kupunguza kwenye miksa au kwenye amplifaya?

Swali hili huulizwa mara nyingi na wahudumu wa mitambo. Hakuna jibu lisilojali hatua zenyewe, lakini msingi wake ni huu: ishara ikuzwe vya kutosha mapema, na ipunguzwe baadaye.

Tuchukue mfano wa kupunguza desibeli 20, yaani volti kuwa sehemu moja ya kumi. Ukipunguza kwenye kitufe kikuu cha miksa huku amplifaya ikiwa wazi yote, sauti ya msomaji hushuka mara kumi kabla ya kuingia kwenye waya. Mlio mdogo wa hatua ya mwisho ya miksa haushuki, wala mvumo unaookotwa na waya haushuki. Ukilinganisha na sauti ya msomaji, kelele hizo zimekuwa kubwa mara kumi. Ndiyo sababu ya ule mlio kama wa mvua unaosikika wakati wa ukimya baada ya Komunyo. Ukipunguza desibeli hizohizo 20 kwenye kitufe cha amplifaya, sauti na kelele hushuka pamoja, na ukimya unakuwa ukimya kweli.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Amplifaya ya awali ikifunguliwa kupita kiasi, ishara hukatwa vichwa vyake ndani ya miksa na sauti hukwaruza. Kupunguza mbele, kwenye amplifaya kubwa, huifanya sauti hiyo iliyokwaruzika kuwa ndogo, lakini haiisafishi.

Izingatiwe pia kwamba katika amplifaya nyingi kitufe cha mbele hakipunguzi nguvu ya chombo. Kinapunguza ishara inayoingia tu. Amplifaya iliyofunguliwa nusu bado inaweza kufikia nguvu yake yote na kuunguza spika, endapo ishara kutoka kwenye miksa ni kubwa mno. Kitufe hicho si kinga.

Namna ya kupanga mitambo kabla ya Misa

Kazi hii ifanyike siku ambayo kanisa halina ibada, pamoja na msomaji mmoja na mtu wa kusikiliza aliyekaa nyuma.

Kwanza, washa miksa, na amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya iwe ya kwanza. Utaratibu huu huzilinda spika dhidi ya mshindo wa ghafla.

Pili, funga kabisa vitufe vya amplifaya. Msomaji asome kwa sauti yake halisi ya mimbarini, na kipaza sauti kiwe umbali uleule wa kila siku. Fungua amplifaya ya awali ya kipaza sauti hicho mpaka taa za kijani ziwake vizuri na za njano zimulike mara mojamoja. Nyekundu isiwake.

Tatu, weka kitufe cha mstari huo na kitufe kikuu cha miksa kwenye alama ya sifuri.

Nne, fungua amplifaya taratibu hadi aliye nyuma aseme anasikia kila neno. Endelea kidogo mpaka mluzi ukaribie kuanza, kisha rudi nyuma kwa kiasi cha kutosha. Mluzi ukianza kabla ya aliye nyuma kuridhika, tatizo liko kwenye mahali pa spika au umbali wa kipaza sauti, na amplifaya kubwa haitalitatua.

Tano, weka alama ya rangi kwenye vitufe vya amplifaya, na visiguswe tena. Wakati wa ibada mhudumu atumie vitufe vya miksa peke yake.

Kumbuka pia matundu. Kicheza muziki au kinanda kisichomekwe kwenye tundu lililoandikwa MIC, kwa kuwa ishara yake ni kubwa mara mia kadhaa kuliko ile inayotarajiwa hapo.

Upande wa spika

Kanuni ya mdogo kwa mkubwa huendelea hadi kwenye spika, kwa kuwa amplifaya hutoa kwa impidansi ndogo sana, sehemu tu ya omu moja. Hata hivyo, hapa amplifaya inatoa nguvu halisi, kwa hiyo kuna kikomo. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na nne huwa omu 2. Amplifaya iliyoandikwa mwisho wake ni omu 4 itachemka na kuharibika ikibebeshwa spika nne za namna hiyo.

Makanisa marefu yenye spika nyingi ndogo ukutani hutumia mtambo wa volti 100, ambapo kila spika ina transfoma yake. Humo hesabu ni nyepesi: jumlisha wati za spika zote, na jumla isizidi wati za amplifaya. Ni busara kubakiza nafasi kidogo.

Kabla ya kuitisha mchango

Tunawaalika Maparoko na Halmashauri za Parokia wajiulize maswali matatu kabla ya kupanga bajeti ya amplifaya mpya. Je, kuna kidhibiti cha sauti kinachofuatwa na waya mrefu? Je, impidansi ya kila chombo kinachopokea ni angalau mara kumi ya ile ya chombo kinachotoa? Je, miksa inafanya kazi katika kiwango chake cha kawaida, na kupunguza kunafanyika kwenye amplifaya? Fundi mwenye kipimo rahisi cha umeme na vitabu vya maelekezo ya vyombo anaweza kuyajibu yote kwa mchana mmoja. Amplifaya mpya inunuliwe pale tu majibu yanapoonyesha kwamba ile ya zamani kweli imezidiwa.

Fedha ya parokia ni sadaka ya waamini, na wengi wao hutoa katika uhaba wao. Kuitumia kwa uangalifu ni sehemu ya uwakili mwema. Na pale ambapo bibi kizee aliyeketi kwenye benchi la mwisho analisikia somo zima, pamoja na konsonanti zake, mitambo ya sauti imetimiza kazi yake.